Pekusi Hayupo

Wageni wanaokuja kijijini kwetu Tsinebo kuuliza habari za Aba Pekusi huenda moja kwa moja kwa watawa wake. Watawa huwapa maneno yake, yale mafupi mafupi, nao huondoka wakiyarudia midomoni kama watu waliopewa dawa ya kusukutua. Kwangu hawaji. Wakipita mlangoni huniuliza njia tu, nami huwaonyesha kwa kidevu, maana mikono yangu mara nyingi ina unga. Basi wacha niseme mimi maisha ya huyo mtu. Nilimpikia na kumfulia kabla hajawa mwalimu wa mambo ya Mungu, na sina haja ya kutia chumvi.

Pekusi alizaliwa hapa hapa, nyumba ya tatu kutoka mferejini, akalima kitani na shayiri kama baba yake. Mama yake, Tnuba, ambaye Mungu amempa umri mrefu ili anisumbue, husema neno la kwanza la mwanawe lilikuwa "si". Watoto wengine husema mama, wengine husema maji. Yeye alikaa pembeni ya chungu kilichovunjika, akaulizwa nani amekivunja, akafungua kinywa kwa mara ya kwanza maishani na kusema, "Si mimi." Tnuba husimulia jambo hili kwa fahari. Mimi nililisikia baada ya harusi.

Hakuwa mvivu shambani, hilo nitalisema. Hakuwa mlevi, wala hakunipiga. Ila hukuweza kumfanya akiri kitu. Siku moja nilirudi kutoka kusaga, nikakuta jibini niliyoiweka kwa ajili ya Pasaka imetoweka, na yeye ameketi kwenye mkeka.

"Pekusi, nani amekula jibini?"

"Si mimi."

"Nyumba hii tuko wawili."

"Sijui. Sikuwepo."

"Ndevu zako zina jibini, bwana wee!"

Akashika ndevu, akachomoa kipande, akakiweka ulimini, akakifikiria. "Hii si jibini," akasema.

Ungefanya nini na mtu kama huyo? Mimi nilicheka. Nilikuwa bado msichana, nikaona ni utani. Sikujua kwamba kuna watu wangesafiri kutoka Iskandaria na kutokwa na machozi kwa ajili ya maneno ya namna hiyo.

Kitu ambacho Pekusi alikichukia kuliko vyote ni kazi ya tuta. Kila mwaka, baada ya mavuno na kabla Mto haujapanda, kila nyumba hutoa mwanamume wa kuchimba tope na kulibeba kwa kikapu hadi juu ya tuta, la sivyo maji yanatuzoa sote na mbuzi wetu. Kila mtu ana kipande chake. Nyumba ya mjane peke yake ndiyo isiyodaiwa mtu. Pekusi alisema hawezi kuielewa kazi ambayo unaifanya, halafu Mto unakuja kuila, halafu unaifanya tena. Nilimwambia hata kupika ni hivyo hivyo. Akasema hakunisikia.

Mwaka mmoja jumbe wetu, Horioni, alipokuja na fimbo yake kuita watu, Pekusi hakuwepo. Safari hii hakuwepo kweli. Alikuwa amepanda kwenye makaburi ya kale, kule kwenye miamba, akaingia pango la mamba. Tunaliita hivyo kwa sababu wazee wa zamani, kabla ya watu kumjua Kristo, walikuwa wakikausha mamba, wakawafunga vitambaa na kuwapanga humo kama kuni. Pekusi akajipanga nao. Mama yake alimpelekea dengu kwa siri, na siri ya Tnuba mji mzima huijua kabla hajafunga mlango.

Hapo ndipo lilipokuja lile neno. Kwetu, mtu akikimbia kazi ya tuta, husemwa "amejitenga". Na mtu akiacha mke na shamba akaenda jangwani kumwomba Mungu, naye husemwa "amejitenga". Ni neno lile lile. Tofauti iko usoni mwa anayelitamka: kwa yule wa kwanza hutema mate, kwa wa pili hufanya ishara ya msalaba. Sasa mgeni atajuaje, kama anayelitamka kinywa chake kina vumbi la tuta na hana mate ya kutema?

Mgeni mwenyewe alikuwa Nemesio. Alikuja juu ya punda, amevaa viatu, na begani ana mfuko wa kalamu na wino. Alikuwa amesoma Iskandaria mpaka vitabu vikamwishia, akaamua kutafuta mzee wa jangwani wa kumpa neno la kuokoa roho yake. Alinikuta mferejini nimebeba kikapu cha tope, maana nyumba yangu ilikuwa imeandikwa mwanamume, mwanamume amekimbia, na jumbe amesema mikono ni mikono.

"Mama," akaniambia, kwa Kimisri chake cha kujifunza, "katika nchi hii yupo mtu aliyejitenga?"

"Yupo. Mume wangu."

Akashuka kwenye punda. "Yuko wapi?"

"Pango la mamba. Jumbe anamtaka, mimi namtaka, sasa na wewe. Ukimwona mwambie jembe lake limenichosha."

Akainamisha kichwa kama mtu niliyembariki, akaanza kupanda. Mimi nikaweka kikapu chini, nikashika jembe nikamfuata, kwa sababu nilitaka kumpa Pekusi mkononi mimi mwenyewe.

Nemesio akapiga magoti mlangoni pa pango. Ndani kulikuwa giza, unaona tu pua za mamba zimepangana. Akaita, "Aba Pekusi! Uko hapa?"

Nilimsikia Pekusi akishtuka. Alidhani ni mtu wa jumbe.

"Hayupo," akasema.

Nemesio akasogea kwa magoti. "Basi ni nani anayesema?"

"Si mtu."

"Na Pekusi yuko wapi?"

"Pekusi alikufa."

"Lini, baba?"

Nikasikia akikuna kichwa, namjua. "Kabla ya tuta," akasema.

Nemesio akaanza kulia. Machozi kabisa, yanadondoka kwenye viatu. "Baba, nipe neno nipate kuokoka."

"Ondoka."

"Niondoke niende wapi?"

"Mbali."

Nemesio akatoa kalamu. Mimi uvumilivu ukaniisha, nikapaza sauti, "Pekusi! Toka humo, mpumbavu wewe! Huyu si mtu wa jumbe!"

Sauti ikatoka gizani, imepungua kidogo: "Mwanamke huyo simjui."

Nemesio akanigeukia na macho mekundu. "Mama, tafadhali. Usimjaribu mtu wa Mungu."

Ndivyo Pekusi alivyokuwa mtawa. Hakunyoa nywele, hakuapa, hakuwekewa mikono. Alijificha tu, akaulizwa maswali na mtu mwenye elimu.

Nemesio akajijengea kibanda cha mawe mlangoni pa pango, na kila asubuhi akamwuliza jambo. Aba, Mungu ni nuru? Si nuru. Basi ni giza? Si giza. Aba, twaweza kumjua? Sijui. Aba, nafsi yako iko wapi? Sikuiona. Nemesio aliyaandika yote kwa Kiyunani, na kwa Kiyunani, naambiwa, yanatisha. Kwamba kila tusemalo juu ya Mungu, Mungu si hilo. Kwamba mlango wa kumjua ni kukana. Wakaanza kuja wengine, wawili, wanne, kisha makundi. Miamba ikajaa vibanda. Mama mkwe wangu akatandika mkeka njiani, akawa anapokea salamu za watu kwa niaba ya mwanawe.

Wakati ule watawa wa nchi nzima walikuwa wakigombana kama Mungu ana masikio na mikono au hana, wengine mpaka kupasuana vichwa kwa fimbo. Makundi yote mawili yakapanda kwa Pekusi siku moja. Wa masikio wakasema, "Aba, Mungu ana masikio, sivyo? Wewe mwenyewe ulifundisha!" Wasio wa masikio wakasema, "Waongo! Aba alisema hana!" Pekusi aliwaona wale watu na fimbo zao, akarudi nyuma kwenye mamba, akapiga kelele, "Si mimi niliyesema!" Makundi yote mawili yakashuka yakiimba zaburi za ushindi.

Jumbe Horioni naye alipanda, safari yake ya kumkamata. Ilikuwa wiki ambayo kwikwi ilimshika, akawa hawezi kula wala kutoa amri. Akisema "jembe" inatoka "je-hik-mbe" na watu wanacheka. Alipofika pangoni na fimbo, Pekusi akamtambua kwa kweli, jumbe mwenyewe, ana kwa ana, akapiga ukelele ambao niliusikia kutoka mtoni: "Si mimiii!" Jumbe akashtuka mpaka akaketi chini. Kwikwi ikakoma hapo hapo. Akaiacha fimbo yake pale kama sadaka, akashuka, na tangu siku hiyo hakutaka tena mtu alitaje tuta na jina la Aba kwa pumzi moja.

Isipokuwa kwangu. Kwangu hakuona shida.

Nilijaribu njia ya amani kwanza. Nilipanda na mkate wa shayiri, nikamkuta ameketi kwenye ngozi ya kondoo aliyoletewa, amenenepa.

"Rudi nyumbani, Pekusi. Mgongo wangu umekwisha."

"Sipo, mama," akasema, taratibu, huku akitazama wanafunzi.

"Mama! Mimi mkeo, unaniita mama?"

"Pekusi aliyeoa alikufa."

Wanafunzi wakaguna kwa utamu. Mmoja akaniomba nirudie swali langu ili aliandike vizuri. Nikauchukua mkate wangu nikashuka, na njiani nikaona: ala, huyu mtu amenipa kitu bila kujua. Nikaenda moja kwa moja kwa jumbe.

"Jumbe, mimi ni mjane. Mume wangu amekufa. Niondolee tuta."

"Nani amesema amekufa?"

"Mwenyewe."

"Mwenyewe, kwa kinywa chake?"

"Kwa kinywa chake, mbele ya mashahidi."

Jumbe akakuna tumbo. "Basi yu hai. Chukua jembe."

"Kama yu hai mlete achimbe!"

"Nimlete Aba? Taesi, dada yangu, unataka kwikwi inirudie?"

Nikachimba. Mwaka ule, na uliofuata, na mingine mingi ambayo sina haja ya kuihesabu, mgongo wangu unaihesabu. Wanawake walionipita wakaanza kunisalimu kwa heshima, "Shikamoo, mke wa Aba," huku nimetota tope mpaka kwenye nyusi. Wengine waliomba kugusa kikapu changu. Nikawaambia wasikiguse tu, wakibebe. Hakuna aliyekibeba. Mama mkwe akiniona kutoka mkekani kwake husema, "Chimba kwa furaha, mwanangu, mumeo anakuombea." Nilimwuliza anaombaje mtu ambaye hayupo. Akasema mimi nina moyo mgumu, ndiyo maana sikuzaa.

Kisha Pekusi akafa. Ilikuwa katikati ya mfungo mkubwa, ambapo watawa hula mkate mkavu na chumvi tu. Nemesio aliingia pangoni bila kubisha, akamkuta Aba ameshika kitu. Akamwuliza kwa unyenyekevu, "Baba, hicho ni samaki?" Pekusi, kinywa kimejaa, akasema, "Si sama—" na mwiba ukamkwama kooni. Nemesio alidhani ni neno jipya. Akangoja limalizike, kalamu mkononi. Alipogundua kwamba neno limegoma kutoka, mume wangu alikuwa ameshapinduka juu ya mamba.

Wakamwosha, wakampaka chumvi ya jangwani na lami, wakamfunga kwa kitani safi, wakamlaza juu ya kitanda cha kamba mle pangoni, kama watu wetu wafanyavyo kwa wafu wanaopendwa. Uso wakauacha wazi. Nilipanda nimefungua nywele. Nitasema kweli, nililia. Niliwahi kumcheka mtu huyu na kumpenda kwa kucheka kwangu. Lakini huku nalia, mgongo wangu ulikuwa unaimba. Mjane! Sasa hata jumbe hawezi kubisha. Kilichotakiwa ni mashahidi wawili tu, watamke mbele yake maneno mawili, Pekusi amekufa, nami nimeliaga tuta.

Nikamvuta Nemesio pembeni. "Mwanangu, njoo wewe na mwenzako mmoja. Mseme kwa jumbe kwamba Pekusi amekufa, basi, nitawapikia dengu."

Nemesio akapauka. "Hatuwezi, mama."

"Hamuwezi nini? Miguu inauma?"

"Kulisema. Mwalimu alifundisha kwamba Pekusi alikufa kabla ya tuta. Mtu hafi mara mbili. Na huyu aliyelala hapa, mwenyewe alituambia, si mtu. Asiye mtu atakufaje?"

"Basi semeni yu hai, nijue moja!"

"Wala hatusemi yu hai."

"Mnasema nini, kwa jina la Mungu?"

"Tunasema hayupo."

Nikamwekea marehemu kidole kwenye paji la uso. "Huyu hapa! Huyu! Ana pua, ana ndevu, hata mwiba bado anao!"

"Mama," akasema Nemesio, na machozi yakaanza tena, "umeigusa siri yenyewe."

Nikamwambia nitamgusa na yeye kwa jembe. Nikashuka mpaka kwa jumbe, nywele bado wazi, nikamweleza yote. Jumbe akasikiliza kwa makini, maana ni mtu wa haki kwa namna yake mbaya.

"Hawasemi amekufa?"

"Hawasemi."

"Wanasema hayupo?"

"Hayupo."

"Basi amejitenga," akasema jumbe. "Na aliyejitenga, nyumba yake hutoa mikono. Samahani, dada yangu. Kesho asubuhi tunaanza upande wa kaskazini."

Hapo kitu kilipasuka ndani yangu. Mwaka huo mgongo ulikuwa umefika mahali ambapo nikiinama nilihitaji mtu wa kuninyoosha, na mkaguzi wa matuta alikuwa njiani kutoka mjini, na jumbe alikuwa anatetemeka kwa sababu nusu ya tuta la kaskazini lilikuwa limelala kama ng'ombe. Nikamwambia, "Haya. Amejitenga. Mtu aliyejitenga akionekana, jumbe hufanya nini?"

"Humkamata."

"Ameonekana. Yuko kitandani. Na safari hii hatakimbia."

Jumbe akanitazama. Nikaona lile jambo likimwingia polepole, kama maji yanavyoingia shambani. Yule ndiye mtoro pekee ambaye hakuwahi kumrudisha kazini. Akajishika koo, akangoja aone kama kwikwi itakuja. Haikuja.

"Hawezi kupiga kelele?" akaniuliza.

"Hawezi."

Tukapanda, jumbe, mimi, na wanaume wanne wa kijiji wenye kamba. Watawa wote walikuwa wamesimama mlangoni. Jumbe akasafisha koo. "Nimekuja kumchukua Pekusi kwa kazi ya tuta."

"Hayupo," akasema Nemesio.

"Yule ni nani?"

Nemesio akafungua kinywa. Nilimsogelea mpaka pua zetu zikakaribiana. "Sema ni maiti, mwanangu," nikamwambia kwa sauti ndogo. "Neno moja tu. Jumbe hawezi kumpeleka maiti kazini. Ukisema ni maiti, mwalimu wako atabaki kitandani kwake kwa amani, nami nitakwenda nyumbani. Sema."

Alinitazama, na nawaambia, yule mtu alinihurumia. Nililiona neno limefika kwenye meno yake. Wenzake nyuma walikuwa wanamkodolea macho, na mikononi wana zile kurasa za maneno ya Aba, zote zinazosema si, si, si. "Ni...," akasema Nemesio. "Ni..." Halafu akafunga kinywa, akafunga macho, akasogea kando.

"Mchukueni," akasema.

Wakakibeba kitanda. Watawa wakafuata nyuma wakiimba zaburi, hawajui waimbe ya mazishi au ya safari, nusu wakaimba hii, nusu ile. Tnuba akaja mbio na mto wa kulalia, akipiga kelele, "Taratibu! Msimtikise! Tangu utoto hakupenda kutikiswa!" Kijiji kizima kikashuka tutani. Jumbe akakitafuta kipande cha nyumba yetu, ambacho nilikijua kwa kila jiwe, akaamuru kitanda kiwekwe pale. Akamfunga Pekusi jembe mkononi kwa kamba.

"Chimba," akasema jumbe.

Tukangoja.

"Nimesema chimba!"

Pekusi hakukana. Ilikuwa mara ya kwanza.

Sasa sheria ya tuta ni kwamba asiyechimba hupigwa. Jumbe alipoinua fimbo watawa wakapiga yowe, na Nemesio akajirusha juu ya kitanda. "Nipige mimi!"

"Sitaki kukupiga, bwana, nataka udongo! Mkaguzi yuko njiani!"

Nemesio akalala pale juu ya mwalimu wake, anahema. Kisha akanyanyuka, akavua viatu, akachukua kikapu changu, kile kile, akaingia kwenye tope. Alikuwa hajui hata kukishika. Alijaza mno, akaanguka, akajaza tena. Mwenzake akamfuata. Mwingine akachukua koleo. Walipokuwa wengi mmoja wao akasema, "Aba anachimba kwa mikono yetu," na mwingine akamsahihisha, "Hatusemi anachimba," na wa tatu akasema, "Wala hatusemi hachimbi," wakaendelea kubishana hivyo huku vikapu vinapanda na kushuka. Watu wale, wakibishana, wana nguvu ya ajabu. Jua lilipozama kipande chetu kilikuwa kirefu kuliko mtu, na walikuwa wameshaingia kwenye kipande cha jirani bila kutambua. Jumbe alikuwa karibu kulia kwa furaha. Akapiga tuta kwa fimbo, akatangaza mbele ya kijiji, "Pekusi amefanya kazi yake."

Nikamwendea. "Na mimi?"

"Wewe huna deni. Nyumba yako imetoa mikono, tena mingi. Nenda kapumzike."

"Kwa hiyo mimi ni mjane."

"Mjane?" Jumbe akanishangaa. "Mjane vipi, na mumeo yuko kazini?"

Tuta lile lilishika mwaka ule. Mkaguzi alilisifu. Watawa wa Aba Pekusi sasa wanajulikana Mto wote, juu na chini, si kwa vitabu vyao bali kwa matuta yao. Vijiji vingine huwaomba, nao hushuka wakiwa wamebeba kitanda mbele. Nemesio ameandika kwamba Aba, maisha yake yote, alifundisha unyenyekevu wa tope. Pekusi! Mtu ambaye sikuwahi kumwona na kikapu ila chenye tende. Wageni wakisomewa hayo huguna na kufanya ishara ya msalaba, nami husimama mlangoni kwangu nikijaribu kunyoosha mgongo.

Jembe sikulishika tena. Hilo nimelipata. Ila msimu wa tuta, wake wa wachimbaji huwapelekea waume zao chakula cha mchana, ndiyo desturi, na jumbe hakutaka nyumba yangu iwe tofauti na nyingine. Mwaka wa kwanza nilikataa. Tnuba akaja kunilia mlangoni kwamba namfedhehesha mwanawe mbele ya wenzake. Basi naenda. Nachukua mkate, vitunguu, samaki wa chumvi na mtungi mdogo wa pombe ya shayiri, naketi kando ya kitanda, natandika kitambaa juu ya kifua chake kwa kuwa ndiyo sehemu iliyo bapa. Watawa hupita na vikapu, hawaniulizi kitu. Nangoja kidogo, kwa adabu. Kisha nakula mimi, polepole, kuanzia samaki, na miiba naipanga kwenye mkono wake usio na jembe.